Sura ya Tano: Mfuko Mpana wa Mbu wa Muleba

Rubisi, pombe ya ndizi, haihitaji kiwanda. Ndizi mbivu hukanyagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji yake huchujwa, unga wa mtama uliokaangwa huongezwa, majani ya mgomba hufunikwa juu, na kesho yake povu limepanda. Anayeinywa Kamachumu au Kemondo, mkoani Kagera, hana haja ya kuuliza ni nani aliyekesha akifanya kazi. Aliyekesha ni hamira ya asili, na ndani ya hamira hiyo mna vimeng'enya, yaani protini ambazo kila moja huharakisha badiliko fulani la kikemia na kuyaacha mengine yalivyo. Kimojawapo, invatesi, hushika sukrosi ya ndizi na kuikata vipande viwili, glukosi na fruktosi. Hakigusi wanga uliosalia katika ndizi ambazo hazikuiva sawasawa. Hakigusi nyuzi za zile nyasi. Sukrosi, wanga na nyuzi zote ni sukari zilizoungana, zote zimo ndani ya mtumbwi mmoja, lakini invatesi huchukua moja tu.

Kimeng'enya hakina macho wala pua. Kinaijuaje molekuli yake, ambayo wanakemia huiita substrati, katikati ya maelfu ya molekuli nyingine?

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka Berlin mwaka 1894, kwa Emil Fischer, mwanakemia aliyezichambua sukari kwa miaka mingi hadi zikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Fischer alikuwa na sukari mbili zinazolingana atomi kwa atomi, isipokuwa mwelekeo wa tawi moja: katika ile ya alfa tawi limeelekea upande mmoja, katika ile ya beta limeelekea upande wa pili. Maji yaliyotolewa kwenye hamira yaliikata ya alfa na kuiacha ya beta. Emulsini, inayopatikana kwenye lozi, iliikata ya beta na kuiacha ya alfa. Fischer akaandika kwamba kimeng'enya na substrati yake lazima vioane kama kufuli na ufunguo, na tangu hapo mfano huo umekaririwa na kila mwanafunzi wa biolojia.

Ushahidi wa jambo hilo uko pia kwenye sahani ya matoke. Wanga wa ndizi ni glukosi zilizofungwa kwa viungo vya alfa. Selulosi ya jani la mgomba ni glukosi zile zile, zimefungwa kwa viungo vya beta. Amilasi iliyo kwenye mate yetu na kongosho letu huitambua alfa peke yake. Ndiyo maana matoke hutupa nguvu, na jani lililoyafunika sufuriani, hata likichemshwa kutwa nzima, halitupi kitu. Ng'ombe wa kibanjani naye hana kimeng'enya chake mwenyewe cha kukata selulosi. Anaishi kwa kutegemea vijidudu vya tumboni ambavyo vinacho.

Kutambua huku hufanyika mahali padogo sana. Protini ni mnyororo wa amino asidi, mara nyingi mamia, uliojikunja hadi zile zilizokuwa mbali katika mnyororo zikakutana na kuzunguka uwazi mmoja. Uwazi huo ndio mfuko wa kimeng'enya. Darasani huitwa kituo tendaji. Upande mmoja wa mfuko huweza kuwa na chaji hasi inayovuta chaji chanya, mwingine ukawa na hidrojeni inayoegemea oksijeni ya substrati, mwingine ukawa wa asili ya mafuta, unaokimbia maji na kukaribisha pete za kaboni. Kila mvuto peke yake ni dhaifu na hukatika kwa joto la kawaida la mwili. Ikipatikana mitano au sita kwa pamoja, kila mmoja mahali pake, molekuli hukaa. Tawi moja likielekea kusikotakiwa, baadhi ya mivuto hupotea, na molekuli hutoka kama ilivyoingia. Hakuna ukaguzi mwingine zaidi ya huo. Molekuli za kila aina hugonga mfuko bila kukoma, na zile zinazokaa muda wa kutosha ndizo tunazosema zimetambuliwa.

Kufuli la Fischer lina upungufu, na mmoja ulionyeshwa mwaka 1958 na Mmarekani Daniel Koshland: mfuko wenyewe husogea. Substrati inapoingia, protini hujikunja kidogo kuizunguka, na zile amino asidi zinazofanya kazi ya kukata hufika mahali pake baada tu ya mkunjo huo. Molekuli isiyostahili huweza kuingia kabisa lakini ikashindwa kuusababisha.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi, na naona vitabu vya sekondari huupita haraka mno. Kushika si kazi yote, kuna kuachia. Leonor Michaelis na Maud Menten, mwaka 1913, walipima kasi ya invatesi ya hamira na kuonyesha kwamba hesabu zinakubali iwapo kimeng'enya na substrati hushikana kwanza, kisha ama huachana bure ama badiliko hutokea na mfuko ukawa wazi tena. Linus Pauling aliongeza katika miaka ya 1940 kwamba kimeng'enya hakishiki kwa nguvu zaidi substrati iliyo kamili. Hushika zaidi ile hali ya katikati, wakati kiungo cha kikemia kimeshaanza kukatika. Kimeng'enya kinachong'ang'ania kilichoingia hakina faida tena kwa mwenye nacho. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu sumu kadhaa zinazofuata zimejengwa juu yake.

Tuingie Muleba, na tuwatazame mbu.

Wilaya ya Muleba iko kusini mwa Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, nchi ya vilima na mabonde yenye majimaji. Sehemu kubwa iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na malaria yake ina tabia ya kupanda na kushuka kwa kufuata mvua za vuli na masika. Mvua zikizidi, inalipuka. Ililipuka wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ikalipuka tena mwaka 2006. Mwaka 2007 nyumba zikaanza kupuliziwa dawa ya ukoko, inayobaki ukutani. Iliyotumika mwanzoni ilikuwa ya jamii ya pareto, yaani pairethroidi, molekuli zilizotengenezwa maabara kwa kuiga sumu ya maua ya pareto yanayolimwa Mufindi na nyanda nyingine za juu kusini. Vyandarua vilivyogawiwa navyo vilikuwa na dawa ya jamii hiyo hiyo. Ukutani pairethroidi, kitandani pairethroidi. Mbu walikutana na molekuli za ukoo mmoja kila walikotua. Haikuchukua miaka mingi kabla watafiti hawajapima usugu mkubwa miongoni mwa Anopheles gambiae wa Muleba.

Usugu huo ulikuja kwa njia mbili. Ya kwanza haihusu kimeng'enya. Pairethroidi hufanya kazi kwa kukaa kwenye mlango wa sodiamu katika neva ya mbu na kuuzuia usifungwe, hadi mdudu anatetemeka na kuanguka. Mbu wengi wa Muleba wamebadilishwa amino asidi moja kwenye mlango huo, ya nafasi ya 1014, na pairethroidi haikai tena vizuri. Njia ya pili ni kuiharibu dawa kabla haijafika kwenye neva, na hiyo ndiyo kazi ya vimeng'enya. Tutairudia baada ya hatua moja.

Hatua hiyo ni kubadilisha dawa ya ukutani. Wapuliziaji wakahamia bendiokabu, ya jamii ya kabamati, na shabaha ya bendiokabu ni kimeng'enya: asetilikolinesterasi. Neva moja inapotuma ishara kwa nyingine hutoa asetilikolini, na kimeng'enya hiki huikata papo hapo ili ishara ikome. Ni miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kubwa kabisa. Kimoja hukata maelfu ya molekuli kwa sekunde. Umbo lake lilipochorwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kutoka kwa samaki wa umeme anayeitwa Torpedo, wanasayansi walishangaa. Walijua kwamba asetilikolini ina chaji chanya, wakatarajia kukuta mfuko uliosheheni chaji hasi za kuipokea. Walichokuta ni korongo jembamba lenye kina cha takriban nanomita 2, kuta zake zimejaa pete za amino asidi kama triptofani, na chaji chanya ya asetilikolini hupokelewa kwa kuegemea uso wa pete hizo. Chini kabisa ya korongo iko serini, ndiyo inayokata.

Bendiokabu huteremka humo humo. Ina umbo na viungo vinavyotosha kulipita korongo na kufika kwenye serini, na serini huishambulia kama inavyoishambulia asetilikolini. Tofauti huja baadaye. Kipande kinachobaki kwenye serini baada ya kukata asetilikolini huondoka kwa maji mara moja. Kile cha bendiokabu hukaa muda mrefu, na wakati huo mfuko umeziba. Ishara za neva zinarundikana, mbu anakufa. Mpuliziaji huvaa barakoa, glavu na ovaroli kwa sababu kimeng'enya cha aina hiyo kimo pia kwenye neva zake mwenyewe.

Matokeo yalipimwa. Mwaka 2012 maeneo 50 ya Muleba yaligawanywa kwa kura: yote yalikuwa na vyandarua vyenye dawa, nusu yakapuliziwa bendiokabu juu yake. Katika watoto waliopimwa damu, asilimia 26 walikuwa na vimelea katika maeneo ya vyandarua peke yake, na asilimia 13 katika maeneo yaliyopuliziwa pia. Nusu kamili, kwa kuongeza shabaha ya pili, korongo la kimeng'enya, juu ya ile ya mlango wa sodiamu. Lakini kupulizia nyumba za wilaya nzima ni ghali na lazima kurudiwe. Chandarua ni rahisi zaidi, na chandarua bado kilitegemea pairethroidi.

Hapo ndipo inaporudi ile njia ya pili ya usugu. Mbu wana ukoo wa vimeng'enya unaoitwa saitokromu P450. Jenomu ya Anopheles gambiae ina jeni zaidi ya 100 za ukoo huo. Katikati ya kila kimoja pamekaa atomi ya chuma, na kazi yake ni kuchukua oksijeni ya hewa na kuipachika kwenye molekuli nyingine ili iyeyuke majini na kutolewa mwilini. Ukiwa umezoea kufuli la Fischer, P450 itakukera. Mfuko wake ni mpana, kuta zake ni za asili ya mafuta na hujisogeza sana, na hupokea molekuli nyingi ambazo hazifanani. Kuupokea ulimwengu mzima kusingekuwa kutambua tena. P450 hutambua kwa masharti machache: molekuli iwe na asili ya mafuta, iingie, na sehemu yake mojawapo ikae karibu na chuma. Kimojawapo, CYP6P3, huipokea pemethrini, mojawapo ya pairethroidi, kwa namna ambayo pete yake ya mwisho huelekea kwenye chuma, ikapachikwa oksijeni, na sumu ikapoteza makali yake. Mbu mwenye wingi wa kimeng'enya kama hicho hula dawa ya chandarua na kuendelea na safari yake ya kutafuta damu.

Kwa kinga dhidi ya sumu za aina nyingi, upana huo ni faida kubwa. Kimeng'enya chenye kufuli la ufunguo mmoja kisingemsaidia mdudu aliyeletewa molekuli ambayo ukoo wake haujawahi kuiona. Lakini upana huo huo una hatari yake: anayekaribisha wengi hukaribisha na asiyetakiwa.

Asiyetakiwa alijulikana zamani, kupitia ufuta. Mwaka 1940 iligunduliwa nchini Marekani kwamba mafuta ya ufuta, ambayo yenyewe hayaui mdudu, yakichanganywa na pareto huifanya kuwa kali maradufu. Siri ilikuwa kwenye molekuli za ufuta zenye pete mbili zilizobanana, moja ikiwa na oksijeni mbili. Mwaka 1947 ikatengenezwa molekuli yenye pete hizo hizo, piperonili butoksaidi, inayofupishwa PBO. P450 huipokea PBO kama substrati nyingine yoyote. Huanza kuipachika oksijeni. Katikati ya kazi hiyo huzaliwa kipande ambacho hushikamana na atomi ya chuma yenyewe na hakitoki. Kimeng'enya kimejiziba kwa mkono wake, kwa kufanya kazi yake ya kila siku. Kati ya mbinu zote za kuzuia kimeng'enya nizijuazo, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 2015 wazo hilo lilipelekwa vijijini. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Tiba cha KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa London na Ottawa, waligawa maeneo 48 ya Muleba katika makundi manne. La kwanza lilipata vyandarua vya kawaida vya pemethrini. La pili lilipata Olyset Plus, vyenye pemethrini na PBO. La tatu lilipata vya kawaida pamoja na kupuliziwa dawa ya ukoko ya pirimifosi-methili, inayouzwa kwa jina la Actellic. La nne lilipata vyote, PBO na Actellic. Baada ya miezi 9, watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 29 katika makundi mawili yenye PBO na asilimia 42 katika yasiyokuwa nayo. Baada ya miezi 21 zilikuwa asilimia 45 kwa 62. Shirika la Afya Duniani lilitegemea matokeo hayo lilipoanza mwaka 2017 kupendekeza vyandarua vya PBO mahali penye usugu.

Kundi la nne ndilo lililoleta kitendawili. Actellic peke yake ilisaidia sana: makundi yaliyopuliziwa yalikuwa na asilimia 28, yasiyopuliziwa 44. PBO peke yake ilisaidia. Zilipowekwa pamoja, faida ya ziada haikuonekana.

Huenda moja ilikuwa imeshawaua wale mbu ambao ya pili ingewaua, na maelezo hayo yanatosha kwa sehemu. Lakini kemia ina maelezo mengine, na hayo ndiyo yaliyonifanya nichague Muleba kwa sura hii. Pirimifosi-methili, kama ilivyo kwenye kopo, haiui sana. Fosforasi yake imeshikwa na salfa, na serini iliyo chini ya lile korongo la asetilikolinesterasi haivutwi nayo ipasavyo. Lazima kwanza salfa hiyo iondolewe na oksijeni ichukue nafasi yake. Ndipo serini inapoishambulia na kunaswa. Anayefanya badiliko hilo ndani ya mbu ni P450. Kimeng'enya kinachoiharibu pemethrini ndicho cha ukoo unaoinoa pirimifosi-methili. Ukiziba P450 kwa PBO unamnyang'anya mbu kinga yake dhidi ya chandarua, na wakati huo huo unaweza kuizuia sumu ya ukutani isipate makali. Mipango miwili mizuri inaweza kukutana kwenye mfuko mmoja na kupingana.

Basi kwa nini kuuziba mfuko huo? Kwa nini usiachwe wazi, ukapewa kitu ambacho P450 itakigeuza sumu? Hivyo ndivyo klofenapiri inavyofanya kazi. Ikiingia mwilini mwa mbu, P450 hukata tawi lake moja, na kinachobaki huvuruga mitokondria, mahali seli inapotengenezea nguvu. Jaribio la vyandarua vyenye klofenapiri na pairethroidi lilifanyika upande wa pili wa ziwa, Misungwi mkoani Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2022. Baada ya miezi 24, watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 45.8 kwa vyandarua vya kawaida, asilimia 40.7 kwa vya PBO, na asilimia 25.6 kwa vya klofenapiri. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo thabiti kwamba vyandarua hivyo vitumike badala ya vya pairethroidi peke yake pale penye usugu.

Si kila kitu kinaamuliwa na kemia. Katika jaribio la Muleba, waliosema wanalala ndani ya chandarua walikuwa asilimia 77 baada ya mwaka mmoja, na asilimia 59 katika mwaka wa pili. PBO iliyokunjwa juu ya kabati haizibi chochote.

Ukipokea chandarua kipya, soma lebo iliyoshonwa pembeni. Ikitaja pairethroidi peke yake, jua kwamba mbu wa Muleba ana vimeng'enya vya kuila. Ikitaja PBO, vimeng'enya hivyo vinazibwa. Ikitaja klofenapiri, vinatumiwa dhidi yake mwenyewe. Na wapuliziaji wakija na dawa ya ukoko, waulize jina lake.